Chumvi ya Mwaloni ni nusu ya bei yetu, na hii ndiyo sababu

Dada mmoja wa Nyakato alitusema juzi mbele ya wateja wengine kwamba tunawaibia watu. Kule soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kaiona chumvi ya mawe kwa nusu ya bei yetu. Hilo tunaambiwa mara nyingi, kwa hiyo tunalijibu hadharani.

Chumvi nyingi ya magunia pale ni ya wanaotia samaki chumvi na kutengeneza kayabo. Kwa kazi hiyo inafaa kabisa. Lakini chumvi ya kula hapa nchini sheria inataka iwe na madini joto, na ya samaki mara nyingi haina. Usidanganyike kwamba inatoka baharini basi ina madini joto yake ya asili. Yaliyomo ni machache mno, hayazuii rovu, ule uvimbe wa shingoni, na mjamzito ndiye asiyepaswa kubahatisha, maana ubongo wa mtoto tumboni unayategemea. Chumvi yetu ya jikoni tunainunua ikiwa imeshatiwa madini hayo, kavu, kwenye mifuko iliyofungwa.

Kisha kuna maji. Ziwa letu halina chumvi, mzigo mwingi unatoka pwani, kwenye mabwawa ambako jua hukausha maji ya bahari. Chumvi isiyosafishwa hubaki na magnesiamu, na magnesiamu huvuta unyevu hewani. Masika ikikolea, gunia linavuja chini. Ukinunua wakati huo, umelipia maji kwa bei ya chumvi. Tena chumvi yenye madini joto ikivuja, madini nayo yanatoka na yale maji.

Mama ntilie mmoja wa Igoma alichukua gunia la bei poa akalipeleka mashineni. Wateja wake wakaanza kutema mchanga kwenye maharage. Sufuria nzima ilimwagwa, na gunia lenyewe akaishia kumpa mfugaji. Hela ya chumvi, hela ya kusaga na hela ya maharage zote zilikwenda.

Chumvi ya urembo, ya kusugulia ngozi, ndiyo inayotuchosha kuliko zote. Tunaitandaza kwenye turubai lililoinuliwa, maji yachuruzike, tunaianika, tunachagua vijiti na mchanga kwa mkono, halafu tunachekecha mara mbili kupata punje ndogo zinazolingana. Gunia linapungua mikononi mwetu, na upungufu huo umo kwenye bei. Binti mmoja aliponda mabonge kwa jiwe nyumbani, akachanganya na mafuta ya nazi, akajisugua miguu aliyotoka kuinyoa. Alikuja dukani na mikwaruzo mirefu, anatembea kwa shida. Punje za kupondwa zina ncha kali. Hata ya kwetu usiitie usoni wala kwenye ngozi iliyonyolewa siku hiyo.

Ukifika nyumbani, ihamishie kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jiko na jua. Na kama una kilo uliyonunua kwingine, njoo nayo. Tutaianika mbele yako, kisha tuipime upya.