Kwenu mnaodaiwa mkiwa wawili

Wanangu,

Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Juzi niliitwa kwenye kikao cha familia. Mpwa wangu anadaiwa mpaka hana pa kukimbilia, na ameamua kwenda mahakamani kuomba atangazwe mufilisi. Mkewe hataki. Tulikaa watu wazima saba, na kwa saa tatu nzima kazi yetu ikawa moja tu, kumlainisha yule binti. Mwache mumeo apumue. Unataka wadai wamuue? Mmoja wetu, mtu mwenye mvi kichwani, alithubutu kumwambia kwamba mke anayempenda mumewe hamwekei kizuizi. Kijana mwenyewe kainamisha kichwa kama aliyeonewa, na kila akifumbua mdomo ni neno lilelile: "Ananikwamisha."

Katika saa hizo tatu hakuna aliyemuuliza binti anaogopa nini.

Nilimfuata nje nikamuuliza. Majibu alikuwa nayo, akayahesabu kwa vidole. Mkopo mmoja kati ya ile mikubwa, mdhamini ni yeye. Alitia sahihi mwaka wa kwanza wa ndoa bila kusoma. Nyumba wanayoishi ina majina yao wawili, je, mume akifilisika yeye atabaki na nini? Na la tatu alilisema akitazama chini: hana hakika kama madeni aliyotajiwa ndiyo madeni yote.

Nimefanya kazi miaka 26 kwenye ofisi ya mfilisi, yule anayekabidhiwa mali ya mdaiwa ili aiuze na kuwagawia wadai. (Mufilisi na mfilisi: herufi moja inawatenganisha, na anayeiongeza ndiye aliyepoteza.) Ninawaambia, wakili mzuri angeanza na maswali hayohayo matatu. Kwenye kikao kile mtu aliyekuwa akifikiri ni mmoja, na ndiye tuliyekuwa tukimnyamazisha.

Basi nawaandikia ninyi nyote mlio kwenye njia panda hiyo, mmoja anataka kwenda mahakamani, mwingine anasita. Anayetaka ndiye nitakayemsumbua zaidi.

Udhamini kwanza. Kufilisika humwokoa aliyefilisika peke yake. Deni lenyewe haliyeyuki, linamgeukia aliyebaki. Mdhamini atadaiwa salio, na mlichokopa pamoja hakikatwi nusu kwa nusu kama wengi mnavyodhani, maana mikataba mingi ya namna hiyo humfanya kila mmoja awajibike kwa deni lote. Marekani, anayefuata Sura ya 13 ya sheria yao ya ufilisi, ile ya kulipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5, mdhamini wake hupata kinga ya muda kwa madeni ya matumizi ya nyumbani. Anayefuata Sura ya 7, ya kuuza mali na kufuta madeni, mdhamini wake hapati hata hiyo. Kwa hiyo mume anaweza kutoka mahakamani mwepesi kama unyoya, na wiki inayofuata mkewe akaanza kupigiwa simu. Kama sehemu kubwa ya madeni yenu iko hivyo, mtu mmoja kufilisika ni kuhamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine ndani ya nyumba ileile.

Nyumba. Sehemu ya mufilisi inahamia kwa mfilisi, ya mwenzake inabaki yake. Lakini nyumba haipasuliwi kwa msumeno. Mfilisi anaweza kuiomba mahakama iuzwe yote, mwenza akapewa chake kwa fedha taslimu, na fedha taslimu hazina paa. Mara nyingi mwenza hupewa nafasi ya kuinunua ile sehemu kwanza. Uingereza mfilisi ana miaka 3 ya kushughulikia nyumba ya mufilisi, vinginevyo kwa kawaida inamrudia mwenyewe. Marekani majimbo mengi yana kiasi chao cha thamani ya nyumba kisichoguswa. Sheria zinatofautiana, ila hesabu ya kuanzia ni moja: nyumba ina thamani gani leo, rehani imebaki ngapi? Tofauti hiyo ndiyo inayowindwa. Ikiwa ni ndogo, huenda hakuna wa kuhangaika nayo. Ikiwa kubwa, anayesita ana haki ya kusita.

Sasa lile la tatu. Hapa mnisamehe, nitakaa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa miaka yote ile sikumbuki orodha ya madeni iliyoletwa mezani kwangu mara ya kwanza ikiwa kamili. Madeni ya benki wanayaandika, tena kwa mwandiko mzuri. Yanayokosekana ni ya aibu: la mfanyakazi mwenzake, la shemeji, la kamari, zile alizokopa kwenye simu usiku wa manane kulipia zile alizokopa kwenye simu juzi. Ukimuuliza anasema alisahau. Hakusahau. Alikuwa akiyalinda yasionwe na mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa mimi. Alikuwa kakaa kwenye benchi nje ya mlango, na mkoba mapajani.

Na orodha hiyo huapiwa, mjue. Deni uliloliacha nje linaweza kukubakia shingoni kufuatana na sheria ya nchi yako, na kuficha kwa makusudi ni kosa linaloweza kukupeleka gerezani. Lakini hata sheria isingesema neno, mwenzako anaamua vipi juu ya kitu ambacho umemwonyesha nusu yake? Unamwomba aruke shimo ambalo umelifunika kwa mkeka.

Najua ninachosema kwa sababu nilikuwa mimi. Niliwahi kumkopea kaka yangu kwa jina langu, mume wangu hajui. Kaka hakulipa. Barua za mkopeshaji nilizikunja nikazitia kwenye boksi la nyuzi, chini ya vitambaa, miaka minne. Mchana nilikuwa ofisini nikiwahubiria watu wazima wataje madeni yote, jioni narudi kulala karibu na boksi langu. Siku mume wangu alipolifungua akitafuta sindano, hakupiga kelele. Alikaa kitandani akauliza, "Limebaki kiasi gani?" Nami, barua ziko mkononi mwake, mambo yote hadharani, nikamtajia nusu.

Nusu! Mpaka leo najiuliza ile nusu nyingine nilikuwa nimemwekea nani. Alizisoma barua zote usiku ule, akajumlisha mwenyewe. Deni tulilipa kwa miaka miwili. Yale macho aliyonitazama nayo asubuhi yake yalichukua muda mrefu zaidi kufutika.

Kwa hiyo mnaponiambia mwenzenu ana mashaka, ninauliza kwanza: amekwisha kuona karatasi? Zote, hata bahasha ambazo hamjazifungua kwa woga? Kama hajaona, hana mashaka yoyote ya kutibiwa kwa vikao. Ana swali, na ninyi hamjalijibu. Marekani tangu sheria ya 2005 mtu hawezi kuomba kufilisika kabla ya kupata ushauri wa madeni kwa wakala aliyeidhinishwa, ndani ya siku 180 kabla ya maombi. Serikali imeona vyema mdaiwa akae na mgeni ahesabu. Kukaa na mkewe imemwachia hiari yake, na wengi hiari hiyo hawaitumii.

Halafu siku ile ya kikao yule mpwa wangu akaninong'oneza, akidhani atanifurahisha: gari ameshaliandikisha kwa jina la mdogo wake, "ili wasilichukue."

Sikumjibu pale, namjibu hapa. Mwanangu, hilo ndilo jambo la kwanza mfilisi anatafuta. Nilikuwa nikilitafuta mimi, kabla hata sijafungua taarifa za benki. Uingereza mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa inaweza kufuatwa hadi miaka 5 nyuma, na malipo ya kumpendelea ndugu au mwenza kuliko wadai wengine hufuatwa hadi miaka 2. Sheria nyingi duniani zina kipengele cha namna hiyo. Gari litarudishwa, mdogo wako ataitwa kujieleza, na wewe utaonekana mdanganyifu kwa kitu ambacho pengine ungeruhusiwa kubaki nacho kwa sababu unakitumia kazini. Na mkeo akijua, atauliza ni nini kingine kiko kwa mdogo wako. Msilipe pia deni la mjomba kwanza kwa sababu mtaonana naye kwenye harusi. Mjomba asubiri kwenye foleni.

Mengine nayataja tu, mkayaulize kwa wakili au mshauri wa madeni wa huko mliko. Matunzo ya mtoto kwa kawaida hayafutwi. Faini za mahakama na deni la udanganyifu, vivyo hivyo. Mkopo wa masomo, sehemu nyingi haufutiki kirahisi. Mkopo wenye dhamana humruhusu mkopeshaji kuchukua dhamana yake. Baadhi ya kazi, kama ukurugenzi wa kampuni, huzuiwa kwa muda. Uingereza mufilisi kwa kawaida hufunguliwa, yaani huondolewa hali ya ufilisi, baada ya miezi 12, Kenya chini ya sheria ya 2015 ni miaka 3. Lakini kufunguliwa na kusahauliwa ni vitu viwili: kumbukumbu ya mikopo hubeba alama hiyo miaka 6 Uingereza, na Sura ya 7 ya Marekani hufika hadi 10.

Sasa wewe unayesita, usidhani nimekusahau.

Kama hofu yako ni ya zile hesabu, ing'ang'anie mpaka ujibiwe. Kama ni ya watu watasema nini, itaje hivyo, usiivalishe nguo ya hesabu. Neno lenyewe mufilisi limetoka kwa Waarabu, ni mtu aliyebakiwa na fulusi tu, vile vichele vya shaba, fedha na dhahabu zimekwisha. Asili yake halikuwa tusi. Ni sisi tulioligeuza tusi. Wenzetu Uingereza walikuwa wakiwafunga wadaiwa gerezani, London palikuwa na gereza zima la Marshalsea lililojaa watu wasio na kosa kubwa zaidi ya kutolipa. Sheria ya 1869 ndiyo iliyoupunguza sana mtindo huo. Magereza yamefungwa, midomo yetu haijafungwa. Kampuni ya tajiri ikishindwa kulipa tunasema inajipanga upya, na mkurugenzi wake tunaendelea kumwita mheshimiwa. Fundi akishindwa kulipa, tunasema kala pesa za watu, tena kwa sauti, watoto wake wakisikia. Dawa ya deni ni kulipa, tunamwambia. Aliyemkopesha mtu asiye na kipato mara tano kwa wiki moja hatumwambii kitu, eti biashara.

Basi usimzuie mwenzako kwa ajili ya midomo hiyo. Na ukisema hapana, isiwe mwisho wa sentensi. Hapana, halafu nini? Mtawaendea wadai kuomba mapatano? Hilo lipo. Uingereza, wadai waliopiga kura wakikubali kwa asilimia 75 ya thamani ya madeni, mapatano yanawafunga hata waliokataa. Kenya pia sheria inamruhusu mtu kupendekeza mapatano badala ya kufilisiwa. Mtauza kitu? Utaongeza pato lako humo? Hapana isiyo na mpango ni kumwacha mwenzio azame huku umeshika usukani.

Kipimo nilichokuwa nikiwapa watu ni hiki. Chukueni mapato ya mwezi, toeni kodi, chakula, dawa, ada, nauli. Kinachobaki, kiwekeni mbele ya madeni. Kama kikienda chote kwa wadai bado hakifikii hata riba, deni hilo mtalizeeka nalo, na kufilisika kunastahili kuzungumzwa bila aibu, leo, kabla hamjakopa tena kulipia riba. Kama kinapunguza deni lenyewe, hata kidogo kidogo, na mnaweza kumaliza ndani ya miaka michache, jaribuni mapatano kwanza. Katikati ya hizo mbili ndipo wengi wenu mlipo, na hapo hakuna shangazi wala mzee wa kikao anayeweza kuwaamulia. Hapo anayesita na anayetaka wote wana haki kiasi, na nimewaona walioamua kila upande wakaishi.

Wale wawili wangu walikuja Jumamosi, bila kikao. Tulifukuza kila mtu sebuleni. Orodha ya kijana ilianza na madeni tisa. Mkewe aliandika, yeye akitaja, na kila alipofika mwisho binti alinyamaza akaacha kalamu juu ya karatasi, akisubiri. Walipoondoka yalikuwa kumi na nne. Gari linarudi kwenye jina lake wiki hii. Binti bado hajakubali, wala hajakataa. Amesema anataka kwanza kuusoma ule mkataba wa udhamini alioutia sahihi, neno kwa neno. Kijana alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu. Wanarudi Jumamosi ijayo, na nimewaambia walete na ule mfuko wa plastiki ulio juu ya kabati, wenye bahasha ambazo hazijafunguliwa.

Shangazi yenu