Kanisa letu lilifungwa lakini waumini bado wako

Mhariri,

Mimi ni pasta, kanisa letu lilikuwa la mabati hapa mtaani, ploti ya kukodisha. Machi 2020 korona ilipoingia Kenya ibada zikasimamishwa nikadhani ni wiki mbili tatu hivi, kumbe. Julai tukaruhusiwa kurudi lakini watu wasizidi 100, ibada lisaa limoja tu, na walio chini ya miaka 13 ama zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Sasa kanisa langu lilikuwa ni mashosho na watoto wa sandei skuli! Sadaka ikaisha, kodi ikalala miezi minne, mwenye ploti akataka ploti yake na simlaumu, naye ana watoto.

Siku ya kuhama viti vyote vilitoshea mkokoteni mmoja. Shosho mmoja alikuja na ufagio wake akafagia sakafu yote, pole pole, mpaka kwa kona, na alijua kesho yake mabati yanang'olewa. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika ngoma, maneno yakakataa kutoka.

Wachungaji wenzangu mlio na majengo makubwa, mkiona mzee ameketi nyuma na hamumjui, tafadhali muulizeni alikuwa anasali wapi.

Pasta, Nairobi