Barua ya wazi kwa Afisa Kazi Mfawidhi wa Mkoa wa Kigoma: Mabinti wetu wafundishwe na namna ya kuacha kazi

Ndugu Afisa Kazi,

Salaam kutoka Ujiji. Nakuandikia nikiwa mzazi wa binti aliyefanya kazi za ndani Muscat akarudi salama, Alhamdulillah. Wako wazazi wengi mkoani hapa, Kasulu, Kibondo hadi Uvinza, ambao watoto wao wako Uarabuni au wako mbioni kwenda.

Safari ya kwenda kila mtu anaijua: pasipoti, vipimo vya afya, mkataba wa miaka miwili, wakala anakata tiketi, kisha Dar es Salaam na ndege. Namna ya kuacha kazi na kurudi nyumbani hakuna anayeieleza, na huko ndiko wengi wanakoumia.

Kule kibali cha kazi na cha ukaazi vimefungwa kwa mwajiri mmoja, kafili. Binti akichoka kudai mshahara akatoka na begi lake, mwajiri anaweza kwenda kuripoti kwamba ametoroka. Tangu hapo aliyedhulumiwa ndiye mkosaji. Ukaazi unakufa, faini zinaanza kuhesabiwa, akikamatwa anawekwa kizuizini, na akirudishwa kwao huenda asiruhusiwe kuingia tena.

Binti yangu alipoomba pasipoti yake, mama mwenye nyumba alimjibu kwamba imefungiwa kabatini na itatoka mkataba ukiisha. Usiku akanitumia ujumbe wa sauti kutoka jikoni, ananong'ona, bomba la maji limefunguliwa ili asisikike: "Mama, nikitoka sasa hivi nitaandikwa mtoro?" Nilimfuata wakala aliyempeleka. Akaniambia kazi yake iliishia uwanja wa ndege. Mwishowe mwanangu alifika ubalozini akapata hati ya dharura ya safari, na mimi huku nikashukuru nikidhani yamekwisha. Kumbe hati ile ni ya kusafiria tu. Haifuti viza wala madai ya mwajiri, na hayo yalibidi yamalizwe kwanza na mamlaka za kule ndipo apande ndege.

Tena kila nchi ina utaratibu wake. Qatar tangu Januari 2020 mfanyakazi wa ndani haombi tena ruhusa ya kutoka nchini, ila anatakiwa amjulishe mwajiri saa 72 kabla. Saudi Arabia ilipolegeza masharti ya kuhama mwajiri mwaka 2021, wafanyakazi wa ndani hawakuhusishwa. Huko anayeondoka moja kwa moja lazima apate viza ya mwisho ya kutoka, na ikishatolewa ana siku 60 za kuondoka. Falme za Kiarabu zina sheria ya mwaka 2022 ya wafanyakazi wa ndani inayomkataza mwajiri kushikilia hati zao. Binti wa Buhigwe atayajuaje haya, na mkataba wenyewe aliusaini kwa haraka ukiwa kwa Kiarabu na Kiingereza?

Ombi langu liko ndani ya uwezo wa ofisi yako. Kabla binti hajaondoka Kigoma, aketi na mtu wa ofisi yako, hapa hapa mkoani, aelezwe kwa Kiswahili namna ya kuacha kazi katika nchi anayokwenda: notisi anampa nani, nani anafuta kibali, ashtaki wapi kabla hajatoka nyumba ya mwajiri. Ajue kwamba pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania, si dhamana ya tajiri. Awe na picha ya pasipoti, viza na mkataba kwenye simu, na nakala zibaki kwa mzazi na kwa mtendaji wa kata, kwa sababu simu nayo hunyang'anywa. Namba ya ubalozi aishike kichwani.

Na wakala anayechukua watoto wetu aandike, mbele yako, kwamba mkataba ukivunjika atafuatilia viza ifutwe na tiketi ya kurudi ipatikane. Asiyekubali kuandika hivyo, asipewe binti wa Kigoma.

Niko tayari kukuletea wazazi wenzangu siku yoyote utakayotupangia. Mabinti waliorudi nao watakuja, wanayo mengi ya kukueleza kuliko mimi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mzazi, Ujiji