Babu, ukuta ule si wao

Toulouse, Jumapili jioni

Shikamoo Babu,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Bibi, na mguu umepunguza kuuma. Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Ama baada ya salamu, Rehema alinipigia akaniambia kuwa alipokuonyesha picha yangu ya ngome, mlima hukuutazama, mawingu hukuyatazama. Uliuliza tu, "Huo ukuta nani kaujenga?" Nilicheka sana. Mwashi ni mwashi hata akiweka timazi chini. Nikamjibu Rehema haraka haraka kwamba waliojenga ni Wakathari. Nilikosea, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Mahali penyewe panaitwa Montségur, kusini kabisa mwa Ufaransa, jirani na milima ya Pyrénées. Ni jabali lililosimama peke yake, mita 1,207 juu ya usawa wa bahari. Usitishike, hapo Lushoto mjini mko juu zaidi. Ila hapa unapanda kama nusu saa kwa kijia cha mawe, na ukifika juu, karibu kila upande ukichungulia ni poromoko.

Wakathari walikuwa Wakristo, lakini si wa Papa. Waliamini dunia hii ya nyama na udongo haikutoka kwa Mungu mwema. Viongozi wao, wanaume kwa wanawake, wenyeji waliwaita Watu Wema. Hawakula nyama, mayai wala maziwa. Samaki walikula, maana watu wa zama zile walidhani samaki hutokea majini bila dume na jike kukutana (nisamehe Babu, ndivyo ilivyoandikwa). Kiapo hawakuapa, damu hawakumwaga. Roma ikawaita wazushi, na mwaka 1209 jeshi la vita vya msalaba likashuka huku kwa amri ya Papa Innocent III. Vita vile vilichukua miaka 20.

Sasa nije kwenye ujenzi wako. Mnamo mwaka 1204 Watu Wema walimwomba bwana mmoja wa hapa, Raymond de Péreille, ainue upya magofu yaliyokuwa juu ya jabali. Akainua. Mwaka 1232 askofu wao, Guilhabert de Castres, akaomba pawe makao makuu ya kanisa lao. Kikaota kijiji kizima pale juu, nyumba zimebanana na mwamba kama viota vya mbayuwayu. Mtu aliyepandisha chokaa na mbao kwa njia ile, Babu, ungempa kazi bila kumuuliza cheti.

Kisha mwaka 1242 askari wa ngome hii waliteremka hadi mji wa Avignonet, na usiku wakawaua mahakimu wa kanisa waliokuwa wakiwasaka wazushi, pamoja na wasaidizi wao. Watu Wema wenyewe hawakuruhusiwa kuua hata kuku, lakini waliokuwa wakiwalinda walikuwa na mapanga. Hapo maji yakazidi unga. Mei 1243 jeshi la mfalme likaja kuuzingira mlima. Miezi ikapita, jabali halikutoa mwanya, mpaka baridi ilipoingia na wapandaji wazoefu wa milima wakakwea usiku upande wa mashariki, wakauteka mnara wa mbele. Wakapandisha mtambo wa kurushia mawe. Tangu hapo ilikuwa kuhesabu siku.

Mwanzoni mwa Machi 1244 wakasalimu amri, wakapewa siku 15. Masharti yalikuwa haya: askari na watu wa kawaida wataachwa huru, hata kwa ile damu ya Avignonet, mradi wafike kuhojiwa. Mkathari akiikana imani yake, naye huru. Asipoikana, moto.

Babu, ni hizo siku 15 zinazoninyima usingizi. Ndani yake watu wapatao 20, ambao wangeweza kuteremka zao salama, waliomba kuwekewa mikono wawe Watu Wema, yaani waliomba nafasi motoni. Mmoja wao ni Corba, mke wa Raymond mwenyewe. Aliungana na mama yake na binti yake Esclarmonde. Tarehe 16 Machi wakachomwa watu zaidi ya 200, bibi, mama na mjukuu kwa pamoja. Raymond akabaki hai, akahojiwa na mahakimu wengine wa kanisa, na majibu yake yakaandikwa. Mengi tunayoyajua leo yametoka kwenye karatasi za waliowahukumu.

Ukuta uliouona kwenye picha ulijengwa baadaye, na ukoo wa Lévis, mabwana wapya waliopewa nchi hii baada ya vita. Ya Raymond karibu hakuna lililobaki. Nje ya ukuta, ukiinama, utaona misingi midogo ya nyumba za kile kijiji, mawe yasiyofika magotini. Watu wanaipita. Nilimkuta kaka mmoja akiwaeleza wenzake kuwa matundu ya mnara mkuu wa ngome ya sasa yamepangwa yapokee jua la Juni kwa ibada za Wakathari, nikanyamaza, maana mnara wenyewe Wakathari hawakuuona. Wengine hutafuta hazina. Fedha zilikuwepo kweli, ila zilishatolewa kwa siri karibu na Krismasi ya 1243.

Chini uwandani kuna nguzo ya ukumbusho ya mwaka 1960. Nilisimama hapo kidogo, upepo ulikuwa mkali, nikashuka kutafuta basi.

Nimeambatanisha picha mbili za karibu, moja ya pembe ya ukuta na nyingine ya ile misingi ya nje. Zitazame kwa miwani yako ya kusomea, uniambie kama unaona mkono wa fundi mmoja au wawili.

Mwambie Bibi sweta inatosha, asifume nyingine.

Mjukuu wako,
Zainabu