Malalamiko kuhusu mtungi wa gesi usio na hewa ukaa

Maabara ya Kuotesha Vimelea,
Bagamoyo.

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MTUNGI WA GESI MCHANGANYIKO MLIOTULETEA MWEZI ULIOPITA

Mtungi huo una lebo ya oksijeni asilimia 5, hewa ukaa asilimia 5 na naitrojeni asilimia 90. Ndivyo tulivyoagiza na ndivyo tulivyolipia. Dereva wenu aliushusha bila hati ya vipimo, akasema itafuata. Hadi leo haijafika. Ofisa wenu kwenye simu aliniambia gesi ni gesi, nikague regyuleta yangu, kifaa cha kudhibiti gesi inayotoka mtungini. Regyuleta nimebadilisha, na kipimo cha hewa ukaa bado kinasoma sifuri.

Gesi si gesi tu, Ndugu Meneja. Sisi tunachunguza jinsi kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kinavyoingia kwenye chembe nyekundu ya damu. Kila baada ya saa 48 hivi chembe iliyoambukizwa hupasuka, na vimelea vichanga vinavyotoka vina dakika chache tu za kupata chembe nyingine, vikikosa vinakufa. Tangu mwaka 2011 inajulikana kwamba protini ya kimelea iitwayo RH5 lazima ishikane na basijini, protini iliyo juu ya chembe yetu nyekundu, ndipo kimelea kiingie. Tunapima kama kingamwili za watu wa huku zinauzuia mshikano huo. Kazi hii inataka vimelea hai, navyo vinataka oksijeni kidogo na hewa ukaa ya kutosha, la sivyo maji ya kuoteshea yanapoteza uasidi wake.

Ndicho kilichotokea. Fundi wetu alipotoa chupa kwenye kabati la joto asubuhi, chembe zilikuwa zimetuama chini kama kawaida, lakini maji ya juu yake, ambayo huwa mekundu ya kuelekea chungwa, yalikuwa ya waridi linaloingia zambarau, dalili kwamba uasidi umepotea. Tukapaka slaidi, tukaitia Giemsa, rangi ya kuonyeshea vimelea kwenye hadubini. Mahali pa pete changa, yaani vimelea vichanga vinavyoonekana kama pete ndani ya chembe, tuliona vidoa vyeusi vilivyosinyaa.

Vimelea vya kawaida vya maabara tunavyo vya akiba kwenye naitrojeni ya kimiminika, tutaviyeyusha tuanze upya. Kinachoniuma ni vile vilivyotoka kwa wagonjwa wa wilaya hii, watoto wakiwemo, kwa ridhaa yao na ya wazazi wao. Vilikuwa ndiyo kwanza vinazoea maisha ya chupa, havijafikia wingi wa kugandishwa. Vimekwisha. Wagonjwa wale walitibiwa wakapona, namshukuru Mungu, na damu ile ya siku ya homa haipatikani tena kwa bei yoyote.

Vichache vya maabara vilivyosalia kwenye chupa tumeviokoa kwa mshumaa: unawashwa ndani ya chombo cha kioo, kinafunikwa, unajizimia wenyewe baada ya kupunguza oksijeni na kuacha hewa ukaa. Ni njia ya Jensen na Trager, wale walioripoti mwaka 1976 kwamba kimelea hiki kinaweza kuoteshwa mfululizo kwenye chembe za binadamu. Sikutegemea kuihitaji huku mtungi mpya umesimama ukutani.

Nataka mturudishie fedha yote, na mtungi mwingine uje pamoja na hati ya vipimo yenye namba ya mtungi huohuo, si karatasi ya jumla. Huu wa sasa tumeufunga na kuutia alama. Mje mpime gesi yake mbele yetu kabla ya kuuondoa. Tena mtuambie kwa maandishi ni mitungi gani mingine ilijazwa siku hiyo na imekwenda kwa nani. Hili ndilo naliomba kwa uzito zaidi, maana gari lililotuletea lilikuwa na mitungi mingine ya kupeleka hospitali, na huko anayepumua ni mgonjwa.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa mkuu wa kituo chetu na kitengo cha ununuzi.

Wako,
Msimamizi wa Maabara