Risala ya Vijana Wakufunzi wa Mbwa, Kigoma Ujiji, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Mwenyekiti wa Mtaa na wajumbe wako,
Bwana Mifugo,
Masheikh, wachungaji, walimu, wazazi wetu, na ninyi nyote mliokuja na mbwa wenu,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama na kutuzuilia mvua asubuhi hii. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa. Tunajua meza yako ina mialiko mingi, na si kila kiongozi anayekubali kupanda kilima juani aje kukaa katikati ya mbwa. Umekuja, tena umefika kwa wakati. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi na hatutakuchosha nayo. Tulianza miaka 3 iliyopita tukiwa vijana 6, kamba 2 za katani na mbwa mmoja wa kuazima. Kazi tulifundishwa na mzee wetu aliyestaafu Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi, aliyerudi nyumbani kupumzika, nasi tukamfuata kila jioni mpaka akakubali. Leo tupo 9, kati yetu wanawake 4. Tuna katiba, akaunti ya benki, muhuri, na cheti cha usajili ambacho tumekitundika pale kwenye mwembe ili kila mtu akione.

Katika kipindi hicho kifupi kikundi kimepiga hatua kubwa, ambazo si vikundi vingi vya umri wetu vimezifikia. Tumefunza mbwa 41 kutoka Gungu, Mwanga, Kibirizi, Bangwe, Ujiji na hadi Mwandiga. Tumenunua mikanda ya shingo 12, toroli 1 na tangi la maji la lita 500. Tumekwenda shule 2 za msingi kuwafundisha watoto kujikinga: mbwa usiyemjua akikujia usikimbie, usipige kelele, usimkazie macho, simama kama mti, mikono chini, mpaka aondoke. Na leo hii, kwa kushirikiana na Bwana Mifugo, mbwa 63 walikuwa wamechanjwa kabla ya saa 4 asubuhi, na foleni unaiona bado ipo.

Siku hii ya 28 Septemba ina sababu yake. Ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, mwanasayansi wa Ufaransa aliyetupatia chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote wakiwa wameupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza, hakuna tiba ya kutegemea. Lakini unazuilika: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita, na mtu aliyeng'atwa akioshwa jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akawahi hospitali kuanza chanjo bila kuchelewa, anaokoka.

Tunayasema haya kwa sababu wapo wanaouliza kazi yetu inaisaidia nini jamii. Mheshimiwa, mbwa aliyefunzwa ndiye anayechanjika. Bwana Mifugo ni shahidi. Mbwa aliyefungwa mnyororo tangu mtoto, akapewa pilipili ili awe mkali, hashikiki. Mwenyewe anamwogopa. Sindano inarudi kwenye boksi la barafu, na mbwa anabaki pale pale, bila chanjo, usiku analegezewa mnyororo azurure mtaani ambako watoto wetu wanapita alfajiri kwenda shule.

Tuseme pia neno kwa ndugu zetu Waislamu, ambao hapa Kigoma na Ujiji ni wengi, na ndani ya kikundi tupo 5. Tunajua hukumu ya mate ya mbwa. Ndiyo maana pale mlangoni kuna ndoo 2 za maji na sabuni, na nguo za kazi hazivuki uwanja huu kwenda nyumbani wala msikitini. Masheikh wetu wametuelekeza kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo hakukatazwa, na sisi tunafunza hao. Tunawashukuru kwa kutukalisha chini badala ya kutusema pembeni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hatujafika kwenye ombi letu tunaomba umtazame yule mbwa wa rangi ya majani makavu aliyekaa karibu na mama mwenye beseni. Anaitwa Popi. Mama ni muuza migebuka wa Kibirizi. Alipomleta kwetu, Popi alikuwa amefungwa kwa waya wa umeme uliomzama shingoni mpaka manyoya yakaota juu yake, na hakuna mtu aliyeweza kumkaribia hatua 3. Siku 4 za mwanzo hatukumfundisha kitu. Mwenzetu alikaa chini, akampa mgongo, akawa anatupa dagaa mkavu mmoja mmoja nyuma yake. Siku ya tano Popi alikuja kuchukua mkononi. Ndipo tukaanza. Unashika dagaa juu ya pua yake, unaupeleka mkono taratibu kuelekea kichogoni. Kichwa kinaufuata mkono, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa ardhi tu unasema "Kaa!" na dagaa ni wake. Dakika 10 asubuhi, dakika 10 jioni, bila fimbo. Fimbo ipo kwenye Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, upande wa makosa, na hata bila sheria hiyo mzee wetu alituambia mapema: mbwa aliyepigwa anajifunza kumwogopa mpigaji, basi. Leo Popi anashinda gengeni kando ya beseni la samaki na hagusi hata mkia. Usiku ndiye anayelinda nyumba ya mjane na wajukuu 4.

Huyo ni mbwa wetu wa 33. Tulimfikisha pale kwa shida ambayo ndiyo kiini cha risala hii, na tunaomba uturuhusu tuieleze kwa kirefu.

Mheshimiwa, hatuna uzio.

Mbwa anaanza mafunzo akiwa kwenye kamba, lakini hamalizi akiwa kwenye kamba. Amri kubwa kuliko zote ni "Njoo!" Mbwa anayerudi akiitwa hata kama kuna kuku, kuna pikipiki, kuna mbwa mwenzake, huyo ndiye unaweza kumkabidhi mtu. Amri hiyo inahitaji siku moja mbwa afunguliwe kamba. Akifunguliwa kabla ya kuiva, mahali pasipo uzio, anakwenda. Asipofunguliwa kabisa, anatii kamba, hamtii mtu. Wateja wanalalamika kwamba mbwa hapa uwanjani anasikia, akifika nyumbani hasikii. Wana haki. Tunawarudishia kazi iliyofika nusu kwa sababu mahali pa kuimalizia hatuna.

Mwezi Machi mwaka huu tulijaribu kuimaliza. Mbwa aliyekuwa wiki ya tano alifunguliwa kamba saa 11 jioni, vijana 4 wamesimama pembe 4 za uwanja. Ikapita bodaboda barabara ile ya chini. Mbwa alipenya kati ya vijana 2 kama maji, akaifukuza. Hakung'ata mtu, lakini kijana wa bodaboda alianguka, akavunjika mkono, na taa ya pikipiki ikapasuka. Kosa lilikuwa letu na hatukungoja kuitwa mahali. Tulilipia matibabu na pikipiki kwa akiba yetu yote, shilingi 380,000. Kijana yule yupo hapa leo, amekaa mstari wa pili, na tunamshukuru kwa moyo wake. Lakini habari ilikwisha kuenea. Mwaka wa kwanza tulipokea mbwa 19, wa pili 16, mwaka huu mpaka leo ni 6. Ada yetu ni shilingi 45,000 kwa wiki 6, na wengi hulipa kidogo kidogo. Kwa mbwa 6, Mheshimiwa, dagaa tu wa kufundishia wanatushinda. Wenzetu 2 wamerudi kubeba mizigo, wanakuja hapa Jumapili.

Shamba hili si letu. Ni la mzee wetu mwingine, yule aliyekaa pale chini ya mchikichi, alilotupa bila kodi kwa masharti 2: tusikate mchikichi hata mmoja, na tuweke uzio. La kwanza tumelitimiza, michikichi yake yote 5 hii hapa. La pili amelingojea miaka 3. Ametuambia kwa upole kwamba uzio usipokuwepo ifikapo mwisho wa Desemba, atalichukua shamba lake apande mihogo. Hatuwezi kumlaumu. Majirani wanakwenda kwake kulalamika, si kwetu.

Sasa tunaomba utazame kona ile ya kaskazini. Utaona nguzo 2. Zile zilisimikwa na mgeni rasmi wetu wa mwaka wa kwanza. Alishika sepetu mwenyewe, picha zikapigwa, akatuahidi kwamba nguzo zilizobaki zingefika kabla ya mvua. Mvua zimenyesha mara 2. Moja ya nguzo zile imeliwa na mchwa. Ukiigusa inatikisika, na watoto wanazitumia kama goli. Mwaka wa pili tulimpokea mgeni rasmi mwingine, tukamsomea risala kama hii. Alisimama hapo ulipokaa akaahidi waya wote ndani ya wiki 2, na wananchi walipiga makofi kwa muda mrefu. Katibu wetu alifuatilia ofisini mara 5, kwa nauli ya mfuko wake. Mara 4 aliambiwa kuna kikao. Mara ya 5 aliombwa aandike barua ya kukumbushia. Aliiandika, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa tunayo kwenye faili.

Hatuyasemi haya kumshitaki mtu, na viongozi hao tunaendelea kuwaheshimu. Tunayasema kwa sababu zipo ahadi zilizotuumiza kuliko kunyimwa. Tungenyimwa, tungeanza kuchanga mapema. Tuliahidiwa, tukakaa tukingoja, na wananchi waliotaka kutuchangia walituambia, "Si mgeni rasmi ameshamaliza?"

Kwa hiyo safari hii tumepiga hesabu sisi wenyewe na fundi. Uwanja ni mita 30 kwa 40, mzunguko wake mita 140. Zinatakiwa nguzo 56 za mkaratusi zilizopakwa dawa ya mchwa, kila moja shilingi 6,000, jumla 336,000. Waya wa fensi mabunda 7 ya mita 20, kila bunda 130,000, jumla 910,000. Saruji mifuko 14 kwa 22,000, jumla 308,000. Mchanga na kokoto 116,000. Geti 280,000. Fundi 350,000, na mashimo tutachimba wenyewe. Yote ni shilingi 2,300,000. Mkononi tuna shilingi 640,000, zikiwemo 150,000 ambazo mzee wetu mstaafu ametoa kwenye pensheni yake. Pungufu ni shilingi 1,660,000.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni moja: waya. Hatukuombi nguzo, hatukuombi geti, wala hatukuombi ofisi. Utusaidie mabunda 7 ya waya, na kama yote hayawezekani, utuambie leo ni mangapi yanawezekana, hata kama ni 2. Mawili tunaweza kuyajengea mpango. Na kama hayawezekani kabisa, Mheshimiwa, tutakushukuru vile vile ukituambia hivyo hapa mbele ya mzee mwenye shamba, ili naye ajue.

Ndugu zetu wananchi, ninyi ndio wenye kazi hii kuliko mgeni rasmi. Nguzo moja ni shilingi 6,000. Wafugaji wa kuku mnaolia na wezi, wenye maghala na mashine za kusaga, wakulima wa mlimani mnaoshinda mkifukuza nyani na ngedere kwenye mahindi, wavuvi ambao nyavu zenu zinalala ufukweni: kila nyumba itusimamishie nguzo moja. Tutaandika jina la nyumba kwenye nguzo kwa rangi ya mafuta. Wale 11 ambao bado hamjamaliza ada, hatutawasoma majina hapa, ila tunaomba mtufikirie. Na mliokuwa mmesitasita baada ya ajali ya Machi, mtuletee mbwa wenu. Mpaka uzio usimame hatutamfungua kamba mbwa yeyote. Tumeliandika hilo kwenye kanuni zetu na wote 9 tumetia saini.

Mheshimiwa, baada ya risala hii utaonyeshwa mbwa 6 wa mwaka huu. Watakaa, watalala, watasubiri na watapita katikati ya watoto. Hutaona "Njoo!" bila kamba, na sasa unajua kwa nini. Juu ya meza yako, karibu na chupa ya maji, kuna daftari jekundu. Ukurasa wa kwanza una ahadi ya mwaka wa kwanza, wa pili una ya mwaka wa pili. Ukurasa wa tatu ni mweupe na kalamu imo ndani. Tunakuomba, kabla hujainuka, uandike kwa mkono wako idadi ya mabunda na tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.