Zuhura, mpango wenu hauna tarehe

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi sana. Mzima wewe? Watoto wanaendeleaje na hilo vumbi la Dodoma? Mama Asha kaniambia mguu wa mama umeanza kukanyaga, nikamshukuru Mungu. Huku joto limepamba moto na umeme unatuchezea, lakini sote wazima.

Rasimu ya mpango wa takwimu wa miaka mitano wa wizara yenu ya mifugo imenifikia na nimeisoma yote, mpaka viambatisho. Hongera ya kweli, mwenzangu. Sura ya mahitaji ya watumiaji imeandikwa na mtu aliyekwenda kuwauliza watumiaji wenyewe, na bangokitita, lile jedwali la malengo na kazi, lina jina la cheo mbele ya kila kazi. Kuna sentensi moja tu iliyonikosesha raha, ile ya sura ya tano: "Takwimu zitatolewa baada ya kuridhiwa na uongozi." Hiyo iondoe. Ikibaki hiyo, mengine yote mazuri mliyoandika yatategemea huruma ya mtu mmoja mwenye kalamu.

Angalia mfumuko wa bei. NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, huutoa tarehe 8 ya kila mwezi, na Wakenya hutoa wao siku ya mwisho ya kazi ya mwezi. Wenye mabenki, waandishi wa habari na wanafunzi wote wanaijua siku. Kwa hiyo hakuna anayeuliza kwa nini namba imetoka leo, na hakuna wa kupiga simu kuomba isubiri kikao kiishe. Namba isiyo na tarehe iliyotangazwa, hata mkiitoa kwa nia safi kabisa, msomaji hana namna ya kujua kama ilicheleweshwa kwa sababu madodoso hayajarudi kutoka wilayani au kwa sababu haikumpendeza mkubwa.

Badala yake andikeni hivi. Kila taarifa ya takwimu iwe na tarehe, na kalenda ya mwaka mzima itangazwe kabla mwaka haujaanza. Ikibidi kuahirisha, tangazo litoke kabla ya tarehe iliyotangazwa awali kufika, likiwa na sababu na siku mpya. Taarifa isainiwe na mtakwimu. Katibu Mkuu anaweza kuandika dibaji, lakini majedwali yasipite mezani kwake kurekebishwa. Maoni ya Waziri juu ya namba yatoke kwa karatasi nyingine, baada ya namba kutoka.

Najua utaniambia viongozi hawawezi kusikia namba redioni pamoja na mwananchi. Basi wekeni orodha: vyeo vitatu au vinne, wapewe namba saa chache kabla, kwa ajili ya kujiandaa kujibu maswali tu, na orodha yenyewe ichapishwe mwisho wa taarifa ili kila mtu aione. Uingereza waliishi na utaratibu wa viongozi kuziona saa 24 kabla kwa miaka, mpaka ofisi yao ya taifa ya takwimu ilipoufuta kwa takwimu zake kuanzia tarehe 1 Julai 2017, na hizo sasa wote wanaziona kwa pamoja. Sikwambii mruke hadi huko mwaka huu. Anzeni na saa chache na orodha ya wazi.

Nasisitiza kwa sababu ya yaliyowakuta Argentina. Mwaka 2007 serikali iliingilia ofisi ya takwimu, INDEC, na wataalamu wa fahirisi ya bei wakaondolewa. Kuanzia hapo mfumuko wa bei uliotangazwa ukawa mdogo kuliko ule watu waliouona sokoni. Wachumi binafsi waliotoa makadirio yao wakatozwa faini mwaka 2011. Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likaikemea nchi hiyo rasmi kwa ajili ya takwimu zake, na kemeo hilo halikuondolewa mpaka mwishoni mwa 2016. Miaka karibu kumi, Zuhura, hakuna anayeiamini namba ya bei ya nchi nzima! Na sisi tusijione tuko mbali. Marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria yetu ya Takwimu, Sura 351, yalifanya kupinga takwimu rasmi kuwa jambo la kumfikisha mtu mahakamani, kelele zikapigwa ndani na nje, na mwaka 2019 yakalegezwa. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa, zile kumi za mwaka 1994, zina jibu zuri zaidi katika kanuni ya nne: mtu akizitumia takwimu vibaya, ofisi ina haki ya kutoa ufafanuzi. Ufafanuzi unatosha. Wekeni kwenye mpango nani atautoa na ndani ya siku ngapi.

Sasa majedwali. Lile la chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe lina wilaya kadhaa zilizopita asilimia 100, na mmeziacha bila neno. Hapo msomaji mkali ataanzia. Nadhani chanzo ni hiki: katika kugawanya ili kupata asilimia, juu mmeweka dozi zilizotoka stoo, na si ng'ombe waliochomwa. Chupa ikishachanganywa na kimiminika chake lazima iishe siku hiyohiyo, inayobaki inamwagwa, lakini kwenye daftari la stoo imehesabiwa kama chanjo. Chini mmeweka makadirio ya mifugo yanayotokana na Sensa ya Kilimo ya 2019/20, wakati makundi yanahama kufuata malisho na kuvuka mipaka ya wilaya. Ombeni wilaya zijaze safu tatu: dozi zilizopokelewa, zilizomwagwa, na ng'ombe waliochanjwa. Halafu tumieni namba za utambulisho za mikoa na wilaya kama zilivyo kwenye orodha ya NBS, maana nimeona wilaya moja imeandikwa kwa tahajia tatu, na kompyuta inazihesabu kuwa wilaya tatu.

Jedwali la viwanda vya kusindika maziwa ni hatari zaidi. Mkoa ukiwa na viwanda viwili tu, mkachapisha jumla ya lita, kila mwenye kiwanda atatoa zake kwenye jumla na kupata za mshindani wake kamili. Kanuni inayotumika sana ni kuficha kisanduku chochote chenye watoa taarifa chini ya watatu. Lakini kuficha kimoja hakutoshi: kama jumla ya kanda iko chini ya jedwali na mikoa mingine yote inaonekana, mtu atatoa na kukipata. Ficheni na cha pili kwenye safu hiyohiyo, na mkague pia kwa mstari. Wenye viwanda wakigundua siri yao imevuja mara moja, mwakani watawaandikia sifuri. Hata wadadisi, wale wanaojaza madodoso, hula kiapo cha kutunza siri kabla ya kwenda uwanjani, itakuwaje siri hiyo itoke kwenye kitabu chenu wenyewe?

Kuhusu ombi la uongozi la kupata matokeo ya utafiti wa kaya kwa kila halmashauri, wape hesabu. Utafiti wa Mapato na Matumizi wa 2017/18 Tanzania Bara ulichukua maeneo 796 ya kuhesabia watu, kaya 12 kila eneo, yaani kaya 9,552, ili utoe matokeo ya mikoa 26. Hiyo ni kama kaya 367 kwa mkoa. Ukitaka uhakika huohuo kwa halmashauri 184, unakaribia kaya 67,500, mara saba ya wadadisi, magari na mafuta. Na si fedha tu: wadadisi wakiwa wengi hivyo mafunzo yanapungua, wasimamizi hawafiki kila mahali, na makosa ya kujaza dodoso yanameza ule uhakika ulioununua kwa sampuli kubwa. Ngazi ya mkoa kwa utafiti, ngazi ya halmashauri kwa takwimu za kiutawala, zile za madaftari ya ofisi, zilizosafishwa. Na panapolazimika, makadirio ya maeneo madogo kwa kuoanisha utafiti na Sensa ya Watu ya 2022, mkiwa pamoja na NBS. Wapelekeeni dodoso na mpango wa sampuli kabla hamjaanza, wao ndio waratibu kisheria.

Fedha sitasema mengi. Kila kazi iwe na kasma yake, yaani fungu lake la bajeti, na mwaka wake, kazi fupi ya uwanjani isiangukie masika, na utafiti unaohitaji miezi 12 usikatwe kuwa tisa eti kwa sababu fedha zimechelewa, maana mtapata maziwa ya kiangazi bila ya masika na kuyaita ya mwaka. Heri kuusogeza mwanzo.

Narudi palepale kwenye sura ya tano, unisamehe. Haya ya majedwali mnaweza kuyarekebisha hata baada ya mpango kupita. Ile ya tarehe ikishapita bila kuwemo, hakuna atakayeiingiza katikati ya miaka mitano, kwa kuwa kila anayeweza kuiingiza atakuwa anafaidika na kutokuwepo kwake. Kama kikao kitakubana, omba angalau taarifa tatu zenye tarehe mwaka wa kwanza: bei za mifugo minadani kila mwezi, uzalishaji wa maziwa kila robo mwaka, na kitabu cha mwaka.

Sasa nijibu. Kikao cha menejimenti ni lini hasa, na mwongozo wa bajeti mmeshaupata? Ile sentensi aliiingiza nani, yule bwana wa sera au imetoka kwenye mpango wa zamani? Daftari za stoo za wilaya ziko kwenye mfumo au bado ni karatasi? Una watakwimu wangapi, na wale vijana wawili wa chuo cha takwimu cha Changanyikeni wamebaki au wameshachukuliwa? Nikikuandikia kurasa mbili za kalenda ya kutoa takwimu, utaweza kuziingiza kabla ya Ijumaa? Na Mzee Kombo, bado yumo kwenye kamati? Yeye akikuunga mkono, wengine hawatabisha.

Nisalimie mama, mwambie nitampigia Jumanne baada ya magharibi.

Wako,
Salome